Tuliomba benki itusaidie na mkopo wa nyumba: uzoefu wangu hapa Nakuru

Nimejizuia kuandika haya kwa muda, nikingoja hasira ipoe kwanza. Haijapoa, basi mnisamehe nikipandisha sauti.

Tuna nyumba Kiamunyi, tuliyoijenga kwa mkopo wa benki. Jina la benki naliacha, ila tawi lao liko hapa hapa mjini. Tumelipa miaka na miaka bila kuchelewa. Kisha mambo yakatuangukia kwa mkupuo. Riba ilipanda, mnakumbuka Benki Kuu ilivyofikisha kiwango chake asilimia 13 mwezi wa Februari 2024, na benki nazo zikatuma barua za kutuambia tulipe zaidi. Mshahara wangu wa ualimu tayari ulikuwa unakatwa ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5, baadaye ikaja SHIF, yale makato ya bima ya afya, ya asilimia 2.75. Hebu fikiria, nakatwa pesa za kujenga nyumba za watu huku yangu mwenyewe inanishinda kulipia. Halafu shamba la maua kule Naivasha, ambako mume wangu alikuwa msimamizi, likapunguza wafanyakazi, naye akawa mmoja wao.

Hatukusubiri kufuatwa. Hili nataka lieleweke vizuri. Tulipoona tu kwamba mwezi huo hatutafikisha, tulienda wenyewe.

Mume wangu alibeba bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na barua ya kuachishwa kazi, stakabadhi zangu za mshahara, na karatasi moja aliyoiandika kwa mkono akieleza ni shilingi ngapi tungeweza kulipa kila mwezi mpaka apate kazi nyingine. Karatasi hiyo aliiandika usiku, akaichana, akaiandika upya kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa nimekaa karibu naye nikimwangalia.

Afisa wa mikopo hakuifungua ile bahasha. Aliisukuma kwa ncha ya kalamu mpaka ikarudi upande wetu wa meza, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mzee, hapa si ofisi ya ustawi wa jamii."

Watu kwenye foleni ya kaunta waligeuka. Mmoja wao ni mzazi wa mtoto ninayemfundisha. Mume wangu akajaribu kueleza kwamba hatukatai kulipa, tunaomba tu tupunguziwe kwa muda. Yule afisa akamkatiza: "Hiyo nyumba ni ya benki, nyinyi mnakaa tu. Msipolipa, mwezi ujao dalali anafunga geti." Kisha akaita, "Next!"

Mume wangu ana zaidi ya miaka hamsini. Huyo afisa ni wa rika la mtoto wetu wa kwanza. Na mume wangu alisimama, akaokota bahasha yake, akamwambia, "Asante, madam." Hiyo asante bado inanichoma. Nikiwa darasani ninaikumbuka, na inabidi nigeukie ubaoni ili watoto wasinione.

Baada ya hapo tuliishi kwa hofu tupu. Nilianza kupanga vyombo kwenye katoni. Mume wangu akaacha kupokea simu za namba asizozijua. Gari tuliliuza kwa bei ya kutupa, nikachukua mkopo wa sacco ili kuziba pengo la benki, yaani tukatoa deni mfuko huu tukatia mfuko ule. Yote hayo kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja ambayo, kumbe, hayakuwa ya kweli.

Aliyetufumbua macho ni mwenzetu wa chama ambaye ni wakili. Nilipomwambia kuhusu dalali na mwezi ujao, aliweka kikombe chini akaniuliza, "Nani amekudanganya hivyo?" Akaeleza kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, nyumba uliyoweka rehani haiwi ya benki, rehani ni dhamana tu, umiliki unabaki kwako. Ukishindwa kulipa kwa mwezi mzima, benki inaweza kukupa notisi ya maandishi, na notisi hiyo lazima ikupe muda usiopungua miezi mitatu wa kulipa. Ikipita hiyo, wakitaka kuuza, watoe notisi nyingine ya siku 40. Dalali naye akipewa kazi ana notisi yake ya siku 45, ndipo atangaze mnada. Na muda wote huo, kabla nyumba haijauzwa, una haki ya kulipa deni uikomboe. Sisi hatukuwa tumepata notisi hata moja! Tulikuwa tumepata mdomo wa mtu.

Wakili alitushauri tuache tawi, tupige simu makao makuu, idara ya madeni. Nilipiga mimi, mikono ikitetemeka. Alipokea kijana mmoja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba azungumze na mume wangu, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Shikamoo mzee wangu, pole sana kwa kazi." Halafu akauliza: "Kwa sasa mnaweza kulipa ngapi na bado mkala?" Ile hesabu ya kwenye karatasi ikasomwa kwa simu. Kijana akaiandika.

Hapo ndipo nashindwa kutoa uamuzi mmoja kuhusu benki hii. Walitusaidia kweli. Kwa nusu mwaka tulilipa riba pekee, malimbikizo yakaunganishwa na deni, na muda wa mkopo ukaongezwa ili malipo ya mwezi yapungue. Jina letu halikupelekwa CRB, kule wanakoweka rekodi za wanaoshindwa kulipa mikopo. Nikikumbuka yule kijana, natamani kuwapa nyota zote. Ndiyo, kuongezewa muda maana yake ni riba nyingi zaidi hadi mwisho, na kiwango cha Benki Kuu kilipoanza kushuka Agosti 2024 hawakuwa na haraka ya kutushushia kama walivyokuwa na haraka ya kutupandishia. Lakini tunalala kwetu. Hilo siwezi kulikana.

Lakini ngoja niwaambie kilichonirudisha kwenye hasira. Kijana alisema kuna fomu ya kujaza, na fomu hiyo iko tawini. Tukarudi. Meza ile ile, mtu yule yule. Akavuta droo iliyo karibu na goti lake, akatoa karatasi moja, kurasa mbili tu, akatupatia bila kuinua macho.

Droo hiyo ilikuwa pale pale siku ile ya kwanza. Fomu ilikuwa sentimita chache kutoka kwa ile kalamu aliyosukumia bahasha. Angetupatia siku hiyo, gari letu lingekuwa kwenye boma, na mimi nisingekuwa nadaiwa na sacco mpaka leo. Kwa hiyo hapana, nyota zenu sitoi. Kijana wa makao makuu nampa zote, tawi silipatii hata moja.

Nimeandika barua ya malalamiko kwa meneja, nikabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Nimejibiwa kwamba wanathamini maoni yangu. Sikuandika maoni. Niliandika kwamba yule afisa amwite mume wangu, pale pale mbele ya foleni, kwa sauti ile ile, amwombe msamaha. Ijumaa nikitoka shule nitapita tena kuuliza jibu.