Mti wa vifaa kwenye bodi za ARM: uzoefu wangu na porti iliyowaka bila kupitisha kitu

Ukienda Luthuli Avenue kutafuta bodi ndogo ya ARM ya kugeuza ruta, muuzaji atakueleza RAM, idadi ya porti na bei yake ya mwisho. Habari za mti wa vifaa (device tree) hatazigusa, na huo ndio utakaoamua kama porti ya mtandao itafanya kazi au itabaki pambo. Nimeutumia kwenye kazi za wateja hapa Nairobi, nami naupenda kwa dhati. Yako mambo mawili ambayo bado yananikera.

Kwanza, mti wenyewe ni nini. Kadi ya mtandao ukiichomeka kwenye PCI ya kompyuta ya mezani, hujitambulisha: namba ya mtengenezaji, namba ya kifaa, na kerneli, yaani kiini cha Linux, inatafuta draiva inayolingana, ile programu ya kukiendesha kifaa. Ndani ya chipu ya ARM hakuna salamu hizo. Kidhibiti cha Ethaneti kimekaa kwenye anwani yake ya kumbukumbu, kimya, na kerneli isipoambiwa haitajua kama kipo. Ni kama kumwelekeza mtu wa boda anayeleta mzigo mtaani ambako nyumba hazina namba: pita sheli, kata kushoto, geti la bluu. Mti wa vifaa ndio maelekezo hayo. Unaandikwa kwenye faili la .dts, programu ya dtc inaligeuza kuwa .dtb, na U-Boot, programu inayoiwasha bodi, inaikabidhi kerneli wakati wa kuwaka.

Wazo lenyewe ni la zamani. Lilitoka kwenye Open Firmware, programu ya kuwashia mashine iliyoanzia kwa Sun, likawekwa kwenye kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994, na mashine za Apple zenye PowerPC nazo zikalitumia. Upande wa ARM, Linux ilikuwa bado inaeleza kila bodi kwa lugha ya C ndani ya kerneli, mpaka Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoikemea fujo hiyo hadharani mwaka 2011. Tangu hapo bodi mpya zikaanza kuelezwa kwa mti.

Sasa kazi iliyonifanya niandike. Mama mmoja mwenye saiba Githurai alitaka ruta inayokula stima kidogo, iwekwe kwenye betri ili mtandao usikatike stima ikipotea. Ilikuwa Juni, na kila anayejua saiba anajua Juni ilivyo: watu wanapanga foleni kujaza ritani za KRA, mamlaka ya ushuru, kabla ya tarehe 30. Bodi ilikuwa na chipu ya Allwinner A64 na porti ya gigabiti inayoendeshwa na chipu ya RTL8211E. Kadi ya SD ilikuja na mfumo uliotayarishwa na muuzaji, kerneli mpya kabisa.

Nilichomeka kebo, taa ya kijani ikawaka, kerneli ikatangaza kasi ya megabiti 1000. Anwani ya IP haikuja. Hesabu ya pakiti zilizopokelewa zikiwa na kasoro ikawa inapanda tu.

“Kijana, si taa imewaka?” akaniuliza.

“Imewaka mama, lakini hakuna kinachopita. Nipe nafasi kidogo.”

Nikailazimisha porti ishuke hadi megabiti 100, na IP ikaja papo hapo. Ukiona hivyo, usinunue kebo nyingine. Tazama ucheleweshaji wa RGMII, yaani nyaya zinazounganisha chipu kuu na chipu ya porti.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanapopotelea. Kati ya kidhibiti kilicho ndani ya chipu kuu, yaani MAC, na chipu inayozungumza na kebo, yaani PHY, kuna nyaya nne za data kwenda na nne kurudi, na kila upande una waya wake wa saa, yaani mipigo inayosema lini data isomwe. Kwenye gigabiti saa inapiga megahezi 125, na data husomwa mpigo ukipanda na tena ukishuka. Kila kipande cha data kinapata nanosekunde 4 tu. Ili kisomwe katikati, palipotulia, saa inatakiwa ichelewe kama nanosekunde 2 nyuma ya data. Isipochelewa, unasoma data ikiwa inabadilika, na pakiti zinaharibika. Kwenye megabiti 100 saa inapiga megahezi 25, nafasi ni pana, ndiyo maana kasi ndogo ilipita bila shida.

Nani anaichelewesha? Mti ndio unaosema, kwenye sifa iitwayo phy-mode. Ukiandika rgmii, umesema bodi yenyewe ina njia ya shaba ya saa iliyorefushwa makusudi. Ukiandika rgmii-id, umesema bodi haina hiyo, kwa hiyo ucheleweshaji uongezwe na chipu zenyewe, na kwa kawaida PHY ndiyo hubeba kazi hiyo. Zipo pia rgmii-rxid na rgmii-txid kwa upande mmoja mmoja.

Nikasoma kilichoandikwa kwenye mfumo ule kupitia /proc/device-tree, ambako kerneli inaonyesha mti inaoutumia: rgmii. Kumbe huko nyuma draiva ya RTL8211E haikuwa ikiitii sifa hii ipasavyo, na bodi nyingi ziliishi na neno lisilo sahihi bila mtu kuona. Mwishoni mwa 2020 draiva ikarekebishwa, ikaanza kutii, na bodi zilizoelezwa vibaya zikapoteza mtandao. Mafaili mengi ya Allwinner ndani ya kerneli yalisahihishwa wakati huohuo. La muuzaji wangu lilikuwa nakala ya kabla ya hapo. Nikalifungua kwa dtc, nikalisahihisha. Kwa majina ya .dts, sehemu hiyo inasomeka hivi:

&emac {
    phy-mode = "rgmii-id";
    phy-handle = <&ext_rgmii_phy>;
    status = "okay";
};

&mdio {
    ext_rgmii_phy: ethernet-phy@1 {
        compatible = "ethernet-phy-ieee802.3-c22";
        reg = <1>;
    };
};

Herufi mbili na kistari kimoja. Nikaigeuza tena kuwa .dtb, nikawasha upya, na gigabiti ikapita safi, bila kasoro hata moja kwenye hesabu. Mistari mingine nayo inasomeka ukiizoea: phy-handle inaonyesha PHY ipi ni ya kidhibiti hiki, na reg ni anwani yake kwenye basi la MDIO, njia ambayo kidhibiti huamrisha PHY, ambalo lina nafasi 32, kuanzia 0 hadi 31.

Hilo ndilo ninalolipenda. Sikugusa draiva, sikukusanya kerneli upya. Nilieleza nyaya zilivyo, kerneli ikafanya mengine. Kwenye ruta zenye swichi ndani ni raha zaidi: unaeleza porti za swichi na ile inayoelekea CPU, na kila tundu linatokea kwa jina lake, lan1, lan2, wan. OpenWrt, mfumo huria wa ruta, ilianza kuhamia mtindo huu, DSA, kwenye toleo la 21.02, na kugawa mitandao ya ploti nzima kumekuwa rahisi kuliko enzi za swconfig, zana ya zamani ya kupanga swichi.

Yanayonikera sasa. La kwanza, dtc inakagua sarufi na mambo machache ya muundo tu. Ukiandika PHY iko anwani 1 na kumbe iko 7, itapokea bila kunung'unika. Kuna amri ya make dtbs_check inayokagua umbo la mti dhidi ya kanuni za kerneli, nayo inasaidia sana, lakini hata hiyo haijui shaba ya bodi yako. La pili, wauzaji wa mifumo iliyotayarishwa hubeba .dtb za zamani mwaka hadi mwaka, na anayeumia ni fundi aliye kwa mteja.

Nyota nne kati ya tano. Kabla ya kulipa, omba jina kamili la bodi na ulitafute kwenye arch/arm64/boot/dts ya kerneli rasmi. Likiwepo, nunua. Lisipokuwepo, dai faili la .dts lenyewe pamoja na bodi, na ubebe kebo ya USB ya konsoli ya volti 3.3, kwa sababu porti ya mtandao ikikataa hutakuwa na njia nyingine ya kuingia.