Vitabu vya katuni na mazimwi kwa watoto: tazama bondeni kabla hujalipa

Kurasa nne zilipeperushwa na upepo kwenye kivuko cha Kamanga, na mpaka leo nyumbani kwetu hakuna anayejua kama yule binti mwenye upanga alitoka tumboni mwa joka au ndiyo ikawa basi. Msomaji ni mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, na kitabu nilikuwa nimemnunulia siku tatu kabla ya safari kwa shilingi 18,000. Kipya, kinanukia wino. Hatujafika hata katikati ya maji akanigeukia, kitabu kiko wazi mapajani: "Mamdogo, mwisho umeanguka." Nikatazama nyuma, nikaona karatasi zinaelea, moja ina mkia wa joka. Kutoka Kamanga mpaka Sengerema hakunisemesha.

Huyu mtoto hasomi, anameza. Majini, mazimwi, visiwa vinavyotembea, watoto wanaopotea pangoni wakatokea nchi nyingine, katuni za mashujaa, chochote chenye ramani kwenye ukurasa wa mwanzo. Mtume chumvi atarudi na sukari, maana akilini yuko vitani. Mwaka huu peke yake nimemnunulia Makoroboi hapa Mwanza, nimemnunulia kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, nimemnunulia kwenye maduka ya stesheneri mjini, na mara mbili nimeagiza Dar mzigo ukaja na basi. Nimeumia vya kutosha kuwaandikia mwongozo.

Umri wa mtoto, mafunzo ya hadithi, ugumu wa lugha: hayo muulizeni mwalimu wake. Mimi nina jambo moja tu na nitalirudia mpaka mchoke. Tazameni bondeni.

Bonde naliita pale kurasa mbili zinapokutana katikati ya kitabu, kule ndani kwenye mgongo. Kwenye kitabu cha maneno matupu bonde halina shida sana, kwa sababu mpangaji kurasa huacha nafasi nyeupe pembeni. Kwenye katuni mchoraji anatumia ukurasa mzima, na picha nyingine inavuka kutoka ukurasa wa kushoto kwenda wa kulia. Mgongo ukiwa mgumu, bonde linameza. Joka linakosa shingo. Kiputo cha maneno kinasomeka "Usifungue mla", halafu giza. Sasa mtoto afanyeje? Anataka kujua ni mlango au ni mlango wa nani. Anakamata kitabu kwa mikono miwili na kukipasua kama papai. Gundi inalia kwaa, na kuanzia hapo kitabu hicho ni cha kuhesabia siku.

Ndiyo maana siku hizi sikubali tena ile kauli ya wauzaji kwamba watoto wetu hawajui kutunza vitabu. Mtoto alikuwa anatafuta neno lililofichwa. Aliyelificha ni mtengenezaji.

Kuna namna tatu za kuunga kitabu mtakazokutana nazo, na ni vizuri kuzijua kwa macho. Ya kwanza ni ya uzi: karatasi kubwa hukunjwa ziwe vifungu, mara nyingi vya kurasa 16, kila kifungu kikashonwa kwenye mkunjo wake, ndipo jalada likafuata. Ya pili ni ya pini: karatasi zote zinakunjwa pamoja na kubanwa kwa pini mbili katikati, kama magazeti ya katuni tuliyokua nayo. Ya tatu ni ya gundi tupu. Hapo mikunjo yote imekatwa, kila karatasi imebaki peke yake, imeshikwa kwa ukingo wake mwembamba tu kwenye gundi iliyomiminwa ikiwa ya moto. Gundi hiyo ikipata joto inalegea, ikizeeka inakauka na kupasuka. Na karatasi inayong'aa, ile ile inayofanya rangi za katuni zipendeze, ndiyo inayoishika gundi vibaya zaidi, kwa sababu gundi haizami ndani yake. Kwa hiyo kadiri kitabu kinavyomeremeta dukani, ndivyo ninavyozidi kukishuku. Fikiria na safari ya Dar mpaka huku, zaidi ya kilometa 1,100 kwenye buti la basi, jua la Dodoma na Singida linapiga mchana kutwa.

Kupima ni dakika moja. Usifungue ukurasa wa kwanza. Muuzaji atakufungulia huo kwa furaha, maana mwanzoni bonde huwa halijazama. Fungua katikati kabisa. Bonyeza kwa dole gumba taratibu, halafu soma neno la mwisho la upande wa kushoto na la kwanza la upande wa kulia bila kulazimisha. Ukishindwa wewe mtu mzima, mtoto atavunja. Kisha kiweke mezani, mkono uondoe. Kikibaki wazi, vizuri. Kikijifunga kama mtego wa panya, rudisha. Mwisho chungulia mgongo kwa juu: ukiona vijikunjo vimejipanga kama mawimbi madogo, tafuta katikati ya kimojawapo uone uzi. Msiishie kwenye vijikunjo peke yake. Kuna wajanja wanaokunja halafu wanapaka gundi bila kushona.

Hapa ndipo ninapogombana na maduka. Kitabu kimevikwa nailoni, ukigusa tu unasikia, "Dada, ukifungua umenunua." Nguo najaribu. Sufuria naigongagonga. Tikiti maji ninalipiga kofi na muuzaji ananisaidia kusikiliza. Kitabu cha shilingi 25,000 ninunue kwa kutazama jalada? Duka moja mjini, sitalitaja, nilimwomba kijana anifungulie nakala moja tu kati ya sita za aina ile ile, akaniambia bosi kasafiri. Nailoni nayo inahitaji bosi? Nikaondoka na hela yangu. Na pale pale bei ilikuwa imebandikwa juu ya maelezo ya nyuma, kwa hiyo hata hadithi inahusu nini usingejua.

Haya, sasa mpangilio wangu.

Namba moja: Tintin, jalada gumu, la mtumba

Sina haja ya kujifanya mwamuzi asiye na timu. Tintin, yule kijana wa katuni mwenye mbwa, ni timu yangu. Nakala tatu nilizozipata kwenye mitumba zimeshonwa kwa uzi, zina jalada gumu, na zinalala mezani kama mkeka. Moja ina muhuri wa maktaba ya shule ya Uingereza. Maana yake ilishapita mikononi mwa watoto wengine huko kabla ya kuvuka bahari, na bado haijaachia hata ukurasa mmoja. Hadithi ina kurasa 62 tu, hivyo kitabu ni chembamba na bonde halipati kina. Hergé, Mbelgiji aliyemchora kuanzia 1929, alipanga picha kwenye visanduku vilivyotulia ndani ya kila ukurasa, na viputo vyake havikimbilii mgongoni. Nimepima kila nakala kwa dole gumba. Hakuna neno lililomezwa.

Mtasema huo si ulimwengu wa mazimwi. Ni kweli, majini ni machache, lakini huyo kijana na mbwa wake walitua mwezini kwenye kitabu cha 1954, miaka 15 kabla ya Armstrong. Kwa mtoto wangu hiyo ilitosha. Kiingereza chake bado kinachechemea, ila picha zinambeba, na lisilobebwa na picha ananiuliza nikiwa napika.

Onyo moja. Kati ya albamu 24 za Tintin, ya mwisho ikiwa haikumalizika, kuna ile ya Congo iliyotoka kama kitabu mwaka 1931. Humo watu weusi wamechorwa kama vinyago wasio na akili, wanamsujudia mzungu na mbwa wake. Uzi wake unaweza kuwa imara kuliko nyavu za Igombe, mimi siinunui. Nimewahi kuikuta kwenye fungu, nikaigeuza kifudifudi.

Bei? Mtumba nimelipa kati ya 7,000 na 12,000 kwa kimoja, kutegemea muuzaji ameniona na mkoba gani. Vaeni kandambili.

Namba mbili: katuni nyembamba za pini mbili

Wengi wanazidharau kwa kuwa zinafanana na magazeti. Ila zinafunguka mpaka mwisho bila kinyongo, bonde halipo kabisa, na karatasi ya katikati ikichomoka unairudisha kwa stepla. Sisi tuliokua tukigombania gazeti la Sani kumsoma Madenge wa katuni tunakumbuka nakala moja ilivyozunguka mtaa mzima na ikarudi kwa mwenyewe ikiwa nzima, imepungua jalada tu.

Adui yake kwetu ni kutu. Anayeishi karibu na maji, Kirumba au Capri Point, ajue unyevu unazila zile pini na kuacha alama ya kahawia kwenye karatasi. Mimi nazing'oa mapema na kushona kwa uzi wa nailoni, matundu ni yale yale. Mtoto aliponiona nafanya hivyo akachukua daftari la kuchorea, akatengeneza mwenyewe zile kurasa nne zilizokwenda ziwani. Kwake binti anatoka tumboni mwa joka akiwa na sangara mkononi. Na bondeni ameacha nafasi ya vidole viwili, sikumfundisha.

Namba tatu: hadithi ya maneno, ya Kiswahili, nyembamba

Hapa nina jina moja: Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mara ya kwanza 1952. Watu wazima wanaikumbuka kama kitabu cha mtihani, wanasahau kwamba ndani yake mna liwali anayewachapa manyani wawili kila usiku na mji mzima uliogeuka mawe. Nilimsomea sehemu hiyo tukiwa tumekaa mkabala na jiwe la Bismarck. Akalitazama muda mrefu, akaniuliza lile lilikuwa nani. Kiswahili chake ni kizito kwa darasa la tano, kaeni naye. Kwa kuwa ni kitabu chembamba na hakina picha zinazovuka kurasa, hata chenye gundi kinavumilia.

Kilio changu ni kwamba baada ya hicho natafuta katuni ndefu ya Kiswahili yenye mazimwi yetu na siipati kwenye rafu za hapa mjini. Rafu zimejaa vya kiada. Ukiuliza hadithi unaelekezwa kwenye kona yenye vitabu vya watoto wa chekechea, sungura na fisi kurasa 16. Sungura simchukii, ila mtoto wa miaka 11 anataka vita.

Namba nne: mifululizo minene ya nje

Nchi za kabati, shule za wachawi, mnazijua. Narnia, hiyo ya kabati, ni vitabu 7 vilivyotoka kati ya 1950 na 1956; Harry Potter, hiyo ya wachawi, ni 7 pia, 1997 mpaka 2007. Nunueni kimoja kimoja na kwa mpangilio. Msikubali ule mjalada mmoja uliobeba vyote saba: bonde lake ni korongo, na mtoto akisomea kitandani kitamwangukia usoni. Shida ya mtumba ni kwamba unapata cha pili na cha tano, cha kwanza hakipo, na muuzaji anakuapia kwamba hadithi hazihusiani. Zinahusiana. Na vile vya mwisho vya mchawi ni vinene kiasi kwamba vya jalada laini mgongo unapasuka katikati kabla mtoto hajajua nani amekufa.

Vya bei rahisi

Vya kudurufu vinavyouzwa barabarani kwa 3,000 mnaviona wenyewe. Mashine ya kudurufu hailifikii bonde, maneno yamekuja na kivuli cheusi. Hapana. Mwenye simu na mtoto mdogo aingie tovuti ya African Storybook, hadithi za Kiswahili ziko bure.

Mtu ataniuliza kama kilichoharibika hakitengenezeki. Nilikipeleka kile cha kivukoni kwa fundi viatu jirani yetu. Akakishona kwa ubavuni, mshono safi kama wa buti za jeshi, 1,500. Hakuna ukurasa utakaotoka humo mpaka kiama. Lakini sindano ya fundi viatu inapita karibu sentimita moja ndani, kwa hiyo bonde limeongezeka kina na sasa hata yale maneno yaliyokuwa yanaonekana nusu yamezikwa. Mkienda, mwambieni apige mshono pembeni kabisa, na msimpe katuni.

Yule kijana wa mitumba kanipigia juzi. Ana belo jipya linafunguliwa Ijumaa, anasema ameona kona ya jalada la bluu lenye roketi nyekundu na nyeupe. Nimemwambia aniwekee. Kasema nitume 5,000 ya kushikia kwanza. Nikamuuliza, mgongo wake umeshonwa? Akasema, "Anti, mgongo wa nini tena?"