Les Misérables na The Phantom of the Opera: Diski Mbili Kwenye Shuka Jeupe, Mbeya

Kwa mpenzi wa maigizo anayeishi Mbeya, tamthilia ya muziki ya jukwaa kubwa ni kitu cha kusikia sifa zake tu. Kwaya nzuri tunazo, ngoma tunazo, na mara mojamoja vijana huandaa mchezo katika ukumbi wa shule au wa kanisa. Lakini mchezo wa karibu saa tatu ambao takriban kila neno lake linaimbwa, huku okestra ikipiga papo hapo, hauji huku. Kinachobaki ni rekodi. Mwezi Juni, shemeji yangu aliporudi kutoka Uingereza na DVD mbili nilizomwagiza, niliazima projekta, nikatundika shuka jeupe katika ukumbi mdogo ulio jirani na kwangu, Forest ya Zamani, nikawaalika wanakwaya wenzangu na majirani wachache, tukazitazama Jumamosi mbili mfululizo. Watu walikuja na mablanketi, kwa kuwa baridi ya Juni hapa kwetu haimheshimu mgeni wala mwenyeji.

Diski ya kwanza ni onyesho la kuadhimisha miaka 25 ya Les Misérables, lililorekodiwa katika ukumbi wa O2 jijini London tarehe 3 Oktoba 2010. Ya pili ni maadhimisho kama hayo ya The Phantom of the Opera, yaliyorekodiwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall mwanzoni mwa Oktoba 2011. Kazi hizi mbili ni kama watoto wa nyumba moja. Zilifunguliwa London kwa tofauti ya mwaka mmoja, Oktoba 1985 na Oktoba 1986. Mwandaaji wa zote mbili ni Cameron Mackintosh. Hadithi za zote zinatokea kwa sehemu kubwa Paris, na zote zimetokana na riwaya za Kifaransa, moja ya Victor Hugo iliyochapishwa mwaka 1862 na nyingine ya Gaston Leroux ya mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Tofauti iko katika namna zilivyowekwa mbele ya kamera. The Phantom of the Opera imechezwa kama mchezo kamili: mavazi, ngazi, mashua, kioo, wacheza baleti, moshi juu ya sakafu. Les Misérables ya O2 ni tamasha. Waimbaji wamevaa mavazi ya wahusika, ni kweli, lakini wanasimama mbele ya maikrofoni zilizopangwa safu moja, okestra ikiwa nyuma yao na kwaya kubwa ikiwa juu zaidi, kama vile kwaya ya jimbo inavyopangwa siku ya mashindano. Kwa mtu anayependa jukwaa, chaguo lilionekana rahisi, nami nilikuwa na hakika kwamba diski ya pili ndiyo itakayoshinda. Nilikosea, ingawa si kwa watazamaji wote, na nitaeleza.

Kipimo changu cha tamthilia ya muziki ni kimoja. Wimbo ukianza, mhusika yuko mahali fulani. Ukiisha, ni lazima awe amehama. Awe ameamua jambo, amekata tamaa, ameahidi, amejidanganya, vyovyote vile, lakini asibaki pale pale. Wimbo ambao ukiuondoa hadithi haipungukiwi kitu ni pambo, hata kama ni mzuri kiasi gani. Huu ndio ugonjwa wa maigizo yetu mengi ya kwaya, na ninasema hivyo nikiwa mmoja wa waigizaji hao: mwana mpotevu anarudi nyumbani, baba anafungua mikono, kisha wote wawili wanasimama kama nguzo huku kwaya ikiimba beti nne kuhusu msamaha, na igizo linaendelea kutoka pale lilipoachwa. Muziki umekaa kama mgeni aliyepewa kiti.

Les Misérables inapimwa kwa kipimo hicho na haitikisiki. Jean Valjean, mfungwa aliyekaa gerezani miaka 19 kwa kuiba mkate na kujaribu kutoroka, anaiba vyombo vya fedha vya askofu aliyempa malazi. Anapokamatwa, askofu anawaambia polisi kwamba alimpa mwenyewe. Wimbo unaofuata unamwanzisha Valjean akiwa mtu mwenye hasira na dunia nzima na kumwacha akiichana hati yake ya kifungo. Alfie Boe, ambaye ni mwimbaji wa opera, anauimba bila kusogea hatua tatu kutoka kwenye maikrofoni, na bado unamwona mtu akigeuka mbele ya macho yako. Saa mbili baadaye inspekta Javert, aliyemwinda miaka yote hiyo, anaokolewa na Valjean huyohuyo, anashindwa kuuvumilia wema huo, na anajitupa mtoni akiimba karibu muziki uleule. Watunzi, Claude-Michel Schönberg na Alain Boublil, wamempa kila mmoja wa mahasimu hao tuni ile ile wakati wa kufikwa na huruma: mmoja inamfufua, mwingine inamuua. Mwalimu wetu wa kwaya aliligundua hilo kabla yangu, kwa sikio tu, bila kuelewa maneno yote ya Kiingereza. Norm Lewis, anayemwimba Javert, ana sauti ya nne pana isiyo na pupa, na sikuweza kumchukia hata kidogo.

Lakini kilichouteka ukumbi wetu ni mwisho wa sehemu ya kwanza. Ni usiku wa kuamkia maasi ya Juni 1832 (si mapinduzi makubwa ya 1789, kama wengi wanavyodhani, bali maasi madogo yaliyozimwa haraka), na kila mhusika ana la kwake: Valjean anataka kukimbia, wapenzi wawili wanaagana, msichana asiyependwa anajionea huruma, Javert anapanga kujipenyeza kati ya waasi, wenye gesti ya ovyo wanangojea maiti za kuwaibia, wanafunzi wanaamini kwamba kesho dunia itakuwa mpya. Kila mmoja anaimba tuni yake tuliyokwisha kuisikia, kisha tuni hizo zinaanza kupandana moja juu ya nyingine hadi zote zinakwenda pamoja na kwaya nzima nyuma. Wanakwaya waliuliza sauti ya pili imejificha wapi, wakaitafuta, wakaipata, wakabishana. Tulirudisha nyuma mara nne. Mara ya tatu mvulana wa sauti ya tatu alisimama na kuanza kuifuatisha kwa mdomo uliofungwa. Kama ungetaka kumweleza mtu kwa dakika chache kwa nini tamthilia ya muziki ipo duniani, ungemwonyesha kipande hiki tu na kuzima projekta.

Zipo kasoro. Kijana aliyepewa sehemu ya Marius, mmoja wa wale wapenzi wawili, ana sauti nyembamba kuliko wote wanaomzunguka, na katika nyimbo za watu watatu anazama kama sukari kwenye chai. Lea Salonga, anayemwimba Fantine, mama maskini anayekufa mapema, ni fundi, lakini sehemu yake ni fupi, na hilo ni la mtunzi, si lake. Mapigano ya vizuizi vya barabarani nayo hayawezekani kwa watu waliosimama mbele ya maikrofoni. Hapo tamasha linakuwa tamasha tu, na mtu asiyeijua hadithi anapotea.

The Phantom of the Opera ya Andrew Lloyd Webber ni kinyume chake. Hakuna dakika ambayo jicho linakosa cha kutazama. Mtu mwenye uso ulioharibika, ambaye watu humwita mzimu, anaishi chini ya jumba la opera, anamfundisha kuimba msichana wa kwaya, Christine, anampenda, anamteka, anaua kwa ajili yake. Ramin Karimloo na Sierra Boggess ni waimbaji wa daraja la juu kabisa, na dakika 20 za mwisho, ambapo Christine anachagua kumbusu mtu yule anayemwogopa, ni maigizo ya kweli: pale wimbo unahamisha watu. Kipande cha wenye jumba wakigombana juu ya barua za vitisho, sauti saba zikiimba kwa mpigo kila mmoja na lalamiko lake, kilituchekesha sana na kinaweza kusimama karibu na kile cha Les Misérables.

Kati ya hapo na mwanzo, hata hivyo, nyimbo nyingi zinazunguka mahali pamoja. Mzimu anaimba kwamba usiku ni mtamu. Ukiisha wimbo, usiku ni mtamu bado. Christine na mpenzi wake, Raoul, wanaahidiana mapenzi juu ya paa kwa muziki ambao hautoki kichwani kwa wiki nzima, ila tulikwisha kujua kwamba watapendana tangu walipoonana. Ni nyimbo nzuri zilizotundikwa kama picha ukutani. Mpenzi wa uimbaji atafurahi. Mpenzi wa igizo ataanza kuangalia saa.

Kuna pia jambo la taa. Katika majumba ya kawaida, taa kubwa ya kuning'inia huporomoka mwishoni mwa sehemu ya kwanza, na ndiyo tukio mashuhuri kuliko yote katika kazi hii. Katika Royal Albert Hall taa hiyo haianguki. Inatoa cheche na mwanga, basi. Nilikuwa nimewaahidi watu taa itaanguka. Walinitazama.

Sasa nije kwa wale ambao hukumu yangu haiwafai. Jirani yetu mmoja, bibi ambaye Kiingereza hakijui na ambaye alikuja Jumamosi zote mbili kwa sababu ya chai ya tangawizi, aliifuata hadithi ya mzimu bila mkalimani: kinyago, kioo, mashua, kamba ya kunyongea, vyote vinajieleza. Les Misérables ilimshinda. "Mwanangu, hawa wawili wanagombana au wanaimba?" aliniuliza wakati Valjean na Javert wamesimama bega kwa bega wakitishana. Diski zote mbili hazina maandishi ya Kiswahili, na ukweli ni kwamba tamasha linamdai mtazamaji lugha kuliko mchezo kamili unavyomdai. Jumamosi ile nililazimika kusimama mbele ya shuka kabla ya kila sehemu na kusimulia yatakayotokea. Kwa ukumbi wenye wazee na watoto, chukua The Phantom of the Opera. Kwa kwaya, kwa wanafunzi wa fasihi, kwa yeyote anayetaka kuandika igizo lenye nyimbo, chukua Les Misérables bila kusita.

Wenye ndugu nje wataniuliza kuhusu Hamilton, tamthilia ya muziki ya Marekani. Niliitazama kwa binamu yangu Johannesburg, kupitia usajili wake wa Disney+, na kama rekodi ya jukwaa inazishinda hizi mbili: ilipigwa picha Juni 2016 katika ukumbi wa Richard Rodgers, New York, na kamera inajua lini ikae mbali ili uone sakafu inayozunguka na lini isogee usoni. Ila ni maneno maelfu kwa kasi ya rapu kuhusu siasa za Marekani za karne ya kumi na nane, na kwa ukumbi wetu ingehitaji mkalimani mwenye mapafu mawili ya akiba.

La mwisho ni la ufundi. DVD zinazouzwa Uingereza kwa kawaida huwekewa namba ya kanda ya 2 (alama inayoamua deki za sehemu gani ya dunia zitaisoma), ilhali Tanzania iko kanda ya 5. Deki yangu ya kwanza ilikataa kabisa, na ile ya bei rahisi niliyoazima Mwanjelwa ikasoma zote bila swali. Spika ya projekta usiitegemee, kwa kuwa sauti ya nne yote inapotea; unganisha na spika za kwaya. Na Les Misérables ikiisha, usizime. Baada ya makofi wanaingia Valjean wengine watatu, akiwamo Colm Wilkinson aliyeimba sehemu hiyo mwaka 1985, wanaungana na Boe, na wanaume wanne wanaiimba kwa zamu na kwa pamoja ile sala ya mzee anayemwombea kijana arudi nyumbani akiwa hai. Bibi yetu, aliyekuwa amekwisha kukunja blanketi lake, alikaa tena.