Miwani ya VR ya kuvaa kila siku: ipi ununue, ipi uiache

Waulize wenye miwani ya VR (ile ya kufunga usoni inayokuingiza ndani ya picha ya kompyuta) iko wapi sasa hivi, wengi watakuonyesha kabati. Wiki ya kwanza nyumba nzima ilipanga foleni kuijaribu, mwezi wa pili hakuna anayeigusa. Mara nyingi picha hazina kosa lolote. Kinachochoka ni uso: mashavu yanauma, jasho linachuruzika, lenzi zinapata ukungu. Ndiyo maana hapa nimepanga kwa kigezo kimoja tu, nacho ni urahisi wa kuivaa jioni ya kawaida baada ya kazi, kwa nusu saa ya mazoezi, filamu au gemu. Bei ni zile zilizotangazwa na kampuni nchini Marekani. Ikifika Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi, hapo kuna usafiri, ushuru na faida ya muuzaji.

1. Meta Quest 3S

Hii ni ya Meta, kampuni ya Facebook. Ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299 yenye GB 128, na kwa watu wengi inatosha kabisa. Haihitaji kompyuta wala waya. Chipu yake ni ileile iliyomo kwenye Quest 3, kwa hiyo gemu na programu za mazoezi zinakwenda vilevile. Chaji inakaa kama saa mbili na nusu, na inaingia kwa waya wa Type-C, hivyo umeme ukikatika pawabenki inakusogeza.

Tofauti iko kwenye lenzi. Hii ina lenzi za Fresnel, zilizochongwa miduara mingi myembamba. Kwenye gemu yenye rangi nyingi hutagundua. Ila weka maandishi meupe juu ya weusi, kama majina yanayopita filamu ikiisha, utaona mwanga unamwagika pembeni ya kila herufi. Tupa jicho kando bila kugeuza kichwa, herufi zinafifia. Anayetaka kutoa jasho halimhusu hilo. Anayetaka kusoma litamkera.

Kabla ya kulipa, pima umbali kati ya mboni zako. Simama mbele ya kioo, weka rula juu ya pua, fumba jicho la kulia, weka sifuri katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa wala rula, fumba la kushoto, fumbua la kulia, usome namba iliyo katikati ya mboni yake. Quest 3S ina nafasi tatu tu: milimita 58, 63 na 68. Ukiwa karibu na mojawapo, nunua. Ukiwa mbali nazo, macho yatachoka mapema, na kipimo hicho hakuna muuzaji atakayekufanyia.

2. Meta Quest 3

Hii ilitoka Oktoba 2023 kwa dola 499. Lenzi zake ni za aina ya pancake, nyembamba zaidi, picha ni safi hadi pembeni, na kila jicho linapata pikseli 2064 kwa 2208, wakati 3S ina 1832 kwa 1920. Umbali wa mboni unaurekebisha taratibu kwa kugeuza kigurudumu, na kuna nafasi ya kusogeza kikalio cha uso mbali na lenzi kwa ajili ya wavaa miwani ya macho. Ina pia tundu la kuchomeka earphone, ambalo 3S haina. Kama unataka kuiunganisha na laptopu ufanye kazi mbele ya skrini kubwa, au unavaa miwani, ruka 3S uje hapa moja kwa moja. Kwa gemu na mazoezi peke yake, hela ya ziada sioni sababu yake.

Zote mbili zina uzito wa gramu 500 na ushee, ni kama nusu kilo ya sukari inayoning'inia usoni, na mkanda wa kitambaa unaokuja nao unakandamiza mashavu. Kabla ya kununua hata gemu moja, tenga hela ya mkanda mgumu wenye kikazio cha nyuma, na kifuniko cha silikoni cha usoni. Kwa joto la Dar au Mombasa, sponji inakunywa jasho na kunuka. Silikoni unaifuta tu.

Kumbuka pia kwamba duka la programu la Meta linataka kadi inayokubali malipo ya nje, na gemu zinakula bando. Mtoto wa miaka 10 hadi 12 anaruhusiwa kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Aliye chini ya hapo, asivae.

3. PlayStation VR2

Ni ya mwenye PS5, ile mashine ya gemu ya Sony; kwenye kompyuta inahitaji adapta inayouzwa kando. Skrini ni OLED, weusi wake ni weusi kweli, na bei ilishuka Machi 2025 kutoka dola 549 hadi 399. Lakini ina waya, na inakufunga pale ilipo TV. Kwa gemu za magari ukiwa umeketi, ni tamu sana.

4. Quest 2 iliyotumika

Kwa mfuko mdogo, naipendelea kuliko kile kiboksi cha kuweka simu. Kiboksi kinafuata kichwa kinapogeuka tu. Ukipiga hatua, picha haisogei nawe, na simu nyingi za bei nafuu hazina hata jairoskopu, kile kihisi kinachojua simu imegeukia wapi. Apple Vision Pro ya dola 3,499, yenye betri ya kubeba mfukoni, sikuiweka kwenye orodha kwa sababu ya bei.

Meta iliacha kuuza Quest 2 mwaka 2024, kwa hiyo ikague mwenyewe. Fungua ukurasa mweupe mtupu, tafuta madoa. Jua likipenya kwenye lenzi, hata kwa muda mfupi dirishani, linaunguza skrini, na doa hilo halitoki. Achia vijiti vya rimoti uone kama kitu chochote kinasogea chenyewe. Uliza kama ina kifuniko cha silikoni, maana sponji ya mwanzo iliwawasha ngozi baadhi ya watu hadi mauzo yakasimamishwa mwaka 2021. Mwisho, muuzaji afute akaunti na data zake zote mbele yako, nawe uingie kwa akaunti yako hapohapo dukani, kabla hela haijatoka.