Viungo vya jalfrezi kutoka soko la Kadutu, Bukavu

Kwa yeyote anayetaka kupika nyumbani jalfrezi, yaani kuku wa Kihindi anayekaangwa kwa moto mkali pamoja na pilipili mbichi, vitunguu, pilipili hoho na nyanya hadi mchuzi uwe mzito na kumshika, ninapendekeza viungo vizima vinavyouzwa kwa kipimo kwenye meza moja ya viungo ndani ya soko la Kadutu.

Bizari nyembamba yao ndiyo iliyonivutia zaidi. Ukiisugua kiganjani inanukia papo hapo, na ikitiwa katika mafuta ya moto inachemka pembeni mwa punje na kugeuka rangi polepole, jambo linalompa mpishi nafasi ya kutia vitunguu kabla haijaungua na kuwa chungu. Giligilani nayo ni nzuri, ingawa huna budi kuipepeta, kwa kuwa ina vijiti na mchanga kidogo. Iliki ni ya kijani na imejaa mbegu.

Manjano ya unga siyapendekezi hata kidogo: rangi ipo, harufu haipo. Ni afadhali kununua tangawizi mbichi na kitunguu saumu hapo jirani, uvitwange pamoja, kisha uvikaange juu ya mbabula yenye makaa yaliyokolea mpaka mafuta yajitenge, ndipo umtie kuku aliyekatwa vipande vidogo. Muuzaji ni mwungwana, na huruhusu mnunuzi kunusa kila kiungo kabla ya kulipa.