Nyota nne kwa wakili wa trafiki, tano kwa gereji iliyopima spidomita

Hesabu kwanza, kwa wasio na muda. Wakili dola 700. Gereji dola 45. Darasa la udereva dola 80. Faini na gharama za mahakama dola 160 na senti zake. Karibu dola elfu moja, na yote hayo ni kwa ajili ya maili mbili kwa saa zilizoigeuza tiketi ya mwendokasi kuwa kesi ya jinai. Nikipatwa tena nitamrudia wakili yuleyule, ila kuna mambo yake mawili yameniudhi na nitayasema.

Nilikuwa natoka msibani Roanoke, narudi nyumbani Harrisonburg, hapa jimbo la Virginia, Marekani, kwa barabara kuu ya I-81. Anayeijua barabara hiyo anayajua malori yake. Yanapanda mlima yakiongozana kama treni, halafu moja linaamua kulipita jenzake, na wewe uko nyuma dakika tano nzima unasoma maandishi ya kwenye tela. Nilipovuka kilele njia ikafunguka, nikakanyaga mafuta. Kibao kinasema maili 70 kwa saa. Mshale wangu ulikuwa kwenye 84. Nina hakika kwa sababu niliutazama, nikajiambia: mama, usivuke 85.

Huku Virginia namba 85 tunaijua sote. Zamani ilikuwa 80, wakaipandisha Julai 2020. Ukizidi hapo, hata pale ambapo kibao kinakuruhusu 70, hushitakiwi tena kwa mwendokasi. Unashitakiwa kwa kuendesha gari kwa uzembe, na hilo ni kosa la jinai: kifungo hadi miezi 12, faini hadi dola 2,500, na hakimu anaweza kuizuia leseni yako hadi miezi 6. Kuzidisha kibao kwa maili 20 nako kunakuingiza humo humo, kwa hiyo 45 kwenye mtaa wa 25 inatosha kukuharibia mwaka. Jirani zetu wa majimbo mengine huwa hawaamini mpaka yawakute.

Askari alikuwa amejibanza katikati ya barabara, kwenye majani, pua ya gari ikitazama tunakotoka. Nikapigwa tochi. Alikuja upande wa abiria, kofia yake pana ikaziba dirisha zima, akaniuliza kama ninajua nilikuwa naenda mwendo gani. Nikajibu bila kufikiri: themanini na nne. Akasema mashine yake imesoma 87, akarudi kwenye gari lake kuandika. Aliponiletea karatasi nilisita kuisaini, maana nilidhani kusaini ni kukiri. Akanieleza kwa utaratibu kabisa kwamba saini ni ahadi ya kufika mahakamani tu. Hilo ni kweli, na ukikataa kusaini unajitafutia makubwa zaidi.

Kaka mmoja wa kwetu, mtu wa kusaidia kila mtu, aliponisikia akasema, "Dada, si ulipe tu mtandaoni yaishe?" Nikajaribu. Huwezi. Tiketi ya kawaida ya mwendokasi unailipa ukiwa sebuleni kwako, lakini hii ina tarehe ya kesi na lazima kesi isikilizwe. Mimi nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, maili 25 kutoka ninapoishi, na saa nne usiku hakuna basi linalokwenda huko. Leseni ikizuiwa, kazi imekwenda.

Wiki haijaisha, sanduku la barua likaanza kujaa. Kumbukumbu za mahakama ziko wazi kwa umma, na mawakili wanazichungulia kila siku kama mwewe. Nilihesabu barua 14. Moja ilikuwa na mhuri mwekundu wa DHARURA, nyingine ilinipongeza kwa kuwa "dereva mwenye bahati" ya kuipata. Mwanangu alidhani tumeshinda bahati nasibu.

Wa kwanza kumpigia alikuwa ndiye wa bei ya chini. Simtaji. Aliniomba namba ya kadi kabla hajaniuliza nimekamatwa kwa mwendo gani, akasema kesi kama zangu "zinafutwa tu". Nilipomuuliza zinafutwaje, akasema nimwachie yeye. Nikakata simu. Mtu anayejua kazi yake huulizi mara mbili, anakueleza mpaka unachoka.

Wa pili alinichosha kweli. Huyu ndiye ninayempa nyota nne. Maswali yake ya mwanzo: gari gani, la mwaka gani, na matairi umebadilisha lini? Nikamwambia ni Camry ya 2010, na matairi nilifungiwa yaliyotumika miezi mitatu nyuma. Akaniambia nishuke nikasome namba ubavuni mwa tairi, simu ikiwa sikioni. Nikaenda na kandambili kwenye baridi: 215/65 R16. Akaniambia nifungue mlango wa dereva nisome kibandiko cha kiwandani. 215/60 R16. Akanyamaza kidogo, akasema, "Vizuri sana."

Sikuona kilichokuwa kizuri hapo. Alinieleza hivi: spidomita haijui umekwenda umbali gani, inahesabu mizunguko. Ukifunga tairi kubwa kuliko la kiwandani, kila mzunguko unakupeleka mbali zaidi kidogo kuliko gari linavyodhani. Tairi langu lilikuwa limezidi sentimita mbili hivi kwa kipenyo, kama asilimia 3. Kwa hiyo mshale unasema 84 huku barabara inasema karibu 87. Na mahakama za Virginia zinatakiwa na sheria kupokea cheti cha kiapo cha kupima spidomita kama ushahidi, mradi upime mwenyewe kabla ya kesi. Akasisitiza jambo moja: usiguse matairi mpaka gari lipimwe. Ningeyabadilisha ile wiki ya kwanza kwa hasira, ningeutupa ushahidi wangu mwenyewe jalalani.

Sasa gereji. Ni banda la chuma nyuma ya duka la betri, mzee mmoja na mbwa wake. Ungepita mara kumi usilione. Magurudumu ya mbele ya gari yanakalishwa juu ya mapipa mawili ya chuma yaliyozama sakafuni, ya nyuma yanafungwa kwa mikanda. Mzee akanikalisha ndani mwenyewe, akasimama nje na kibao chake cha kuandikia, akawa anasema: nenda 30. Nenda 50. Gari linanguruma, halisogei hata inchi, na mbwa amelala. Kila nilipofika kwenye namba aliyoitaja nilimwonyesha dole gumba, naye akasoma skrini yake na kuandika kwa kalamu ya wino. Kwenye 60 skrini ilisema 62. Tulipofika 84 mikono yangu ilikuwa inatoka jasho kama vile askari yuko nyuma yangu. Skrini ikasema 87. Mzee akanionyesha karatasi, akapiga saini na tarehe, akaandika namba ya chasisi yangu tarakimu moja moja huku akiitamka. Hakunipa pole, hakunipa hongera. Dola 45, pesa taslimu tu. Dakika 20. Nyota tano, na ningempa ya sita kwa mbwa.

Halafu nikamkumbusha wakili kwamba nilishamwambia askari 84. Nilitegemea anigombeze, na alinigombeza: askari hatajiwi mwendo wako hata kidogo, sema hujui, kaa kimya. Wengi wanajifunga kwa mdomo wao wenyewe. Ila kwangu, akasema, kama askari aliiandika ile 84 kwenye maelezo yake, basi nimeitaja namba kabla sijajua mashine imesoma ngapi, na cheti kinasema namba hiyo hiyo. Tuombe awe mtu wa kuandika.

Alinipeleka pia kwenye darasa la udereva la masaa 8 kabla ya kesi, la kukaa kitini, kwa sababu alisema hakimu huyu hana imani na la mtandaoni. Jumamosi yote iliisha. Kahawa mbaya. Hakuna zaidi la kusema.

Siku ya mahakama. Chumba kidogo kuliko nilivyodhani, viti vya mbao, watu kama arobaini na karatasi zao za manjano mikononi. Wakili alifika dakika nne kabla ya hakimu kuingia, na hili ni la kwanza lililoniudhi: nilishakunywa maji chupa mbili na kwenda chooni mara tatu. Kabla hajanisalimia vizuri akamfuata askari kwenye korido. Niliwaona kwa mlango wa kioo. Wakili anaonyesha cheti, askari anakisoma hadi chini, anafungua daftari lake dogo, anarudisha kurasa nyuma. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameandika.

Wakili alikagua na cheti cha mashine ya askari pia. Kinatakiwa kiwe hakijapita miezi 6. Chake kilikuwa sawa kabisa, kwa hiyo mlango huo ulifungwa palepale, na nilipenda kwamba aliniambia wazi badala ya kunipamba.

Tulipokuwa tunasubiri, kijana aliyekamatwa kwa mwendo wa 104 alisomewa kesi yake bila wakili. Akasema alikuwa anawahi uwanja wa ndege. Hakimu akamuuliza kama aliwahi. Kijana akasema aliikosa ndege. Watu walicheka kidogo, halafu hakimu akampa siku nne jela na chumba kizima kikanyamaza. Mama mmoja Mkongo alisikilizwa kwa Kiswahili, mkalimani akiongea kwenye simu iliyowekwa mezani kwa karani. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, sema mapema: kwenye kesi ya jinai mkalimani ni haki yako na halipwi na wewe. Wakili wangu aliniuliza hilo kwenye simu ya kwanza kabisa, nampa alama hapo.

Kesi yangu haikufika dakika tatu. Wakili akatoa cheti cha spidomita, cha darasa, na rekodi yangu ya udereva ambayo haikuwa na doa. Askari akasema hapingi. Hakimu akaniuliza swali moja: "Matairi umeshabadilisha?" Nikasema bado, nilikuwa nayatunza kwa ajili ya leo. Akatabasamu, nadhani. Akaishusha ikawa mwendokasi wa kawaida, 84 kwenye 70. Pointi 4 za makosa kwenye leseni badala ya 6, miaka 5 kwenye rekodi badala ya 11, na hakuna jinai. Mimi ninasubiri kuomba uraia, na fomu zile zinauliza mambo ya polisi na mahakama. Kwa hiyo hilo la mwisho ndilo nililolipia dola 700. Mengine ni nyongeza.

La pili lililoniudhi: baada ya siku ile hapatikani. Nilikuwa na swali dogo la bima, nimepiga mara tano, kila mara katibu wake ananiambia yuko mahakamani. Najua yuko mahakamani, nilimwona huko. Lakini nilipokuwa sijalipa alipokea simu saa mbili usiku. Nyota moja imeondoka kwa hilo, na nilifikiria kuondoa nusu nyingine kwa zile dakika nne.

Nani anamhitaji? Kama ulikuwa 78 kwenye 70, usimpelekee mtu dola 700, lipa tiketi yako ulale. Kama ulikuwa juu ya 90, nenda kwake ila usitegemee muujiza wa matairi, maana hesabu ya asilimia 3 haikufikishi popote. Gereji ni habari nyingine. Hata kama hujakamatwa, kama umefunga matairi ya mtumba na hukulinganisha namba na kibandiko cha mlangoni, mpelekee yule mzee dola 45.

Mimi mapipa ya chuma yamenitosha. Nimeshafunga saizi ya kiwandani, na yale ya zamani yamelala kibarazani. Mwenye gari la 215/65 R16 aje ayachukue bure, bado yana kashata ya kutosha.