Nguo za Kuchorwa kwa Mkono Mjini Unguja: Ipi Ununue, Ipi Uiache

Kabla hujauliza bei, geuza nguo nje ndani. Picha ya mbele kila mtu anaiona. Kazi ya fundi inajulikana kwa nyuma. Sikukuu iliyopita nilimnunulia mwanangu fulana ya mwimbaji Freddie Mercury dukani, Mji Mkongwe, nikaapiwa imechorwa kwa mkono. Nilipoifua mara ya tatu, masharubu yakabaki kwenye beseni. Kumbe picha ilibandikwa kwa pasi.

Freddie utamkuta kila kichochoro, na ni haki yake: kazaliwa hapa hapa Unguja mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Wengine wanaopendwa ni marehemu Bi Kidude na ngoma yake, wachezaji mpira na katuni za watoto.

Kwangu mimi ya kwanza ni batiki. Fundi huchora kwa nta ya moto, hutumbukiza kitambaa kwenye rangi, kisha hukichemsha nta itoke. Rangi huwa imeingia ndani ya uzi, ndiyo maana nyuma inakaribia kuwa sawa na mbele. Tazama pia vijistari vyembamba, pale nta ilipopasuka. Vikipinda ovyo, ni mkono wa mtu. Vikijirudia vile vile kila baada ya shibiri, ni mashine. Ila nta haijui nyusi wala kope. Usidai sura, dai kivuli: Freddie kanyoosha ngumi juu, na lile jaketi lake la njano la mwaka 1986, hata mtoto atamjua. Ifue peke yake mara za mwanzo, uianike kivulini.

Ya pili, fulana au shati lililochorwa kwa brashi na rangi za vitambaa. Hapa sura unaipata, hata mikunjo ya uso wa Bi Kidude. Pitisha kidole: rangi nzuri hukunjika pamoja na nguo, mbaya hukwaruza kama ganda. Muulize fundi kama ameipiga pasi, maana rangi nyingi za namna hii hushika kwa joto. Kama bado, ikishakauka vizuri ipige mwenyewe kwa upande wa nyuma. Na iwe pamba tupu. Polista wakati wa kaskazi ni adhabu. Ukitaka ya Idi, agiza kabla Ramadhani haijaandama. Kumi la mwisho hakuna fundi atakayekusikiliza.

Ya tatu ni mkoba wa marekani, ile nguo nzito ambayo wazee wetu waliiita kwa jina la nchi ilikotoka. Haufuliwi kila siku, basi hata rangi ya wastani hudumu. Kwa zawadi ya mgeni, mimi huishia hapo.

Raba za kuchorwa ni za kupiga picha tu, kwani rangi hupasuka pale vidole vinapokunjika.

Mkiani kabisa naiweka fulana yenye picha ya mtindo wa tingatinga kwa rangi ya mafuta. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipaka rangi hiyo juu ya ubao, na juu ya ubao inapendeza kweli. Juu ya nguo hukakamaa, ikakuchoma kifuani, mwisho ikabanduka vipande vipande. Ukishindwa kuiacha, nunua na fremu.